Kuendesha Hoteli Ndogo Katika Mtaa Tulivu wa Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo tunayoulizwa zaidi na watu wanaofikiria kugeuza nyumba kuwa hoteli ya vyumba vichache, au ambao tayari wameanza na wameona kwamba kazi yenyewe ni pana kuliko walivyodhani. Majibu yametokana na kazi ya kila siku, na mengi yanarudi kwenye jambo moja: mgeni anayechagua mtaa tulivu huja kununua usingizi, na usingizi wake hautengani na ule wa majirani wanaolala ng'ambo ya ukuta.

Hoteli ndogo inapaswa kuwa na vyumba vingapi?

Hakuna idadi moja inayokubalika kila mahali. Kipimo chetu ni hiki: mtu aliyeko mapokezi aweze, bila kufungua daftari, kumtaja kila mgeni aliyelala usiku uliopita, chumba alichomo na siku anayoondoka. Kwa watu wengi uwezo huo hufikia ukomo kwenye vyumba kumi au kumi na viwili. Chini ya vyumba vitano ni vigumu kulipa mishahara ya watu wa kudumu. Na vikizidi ishirini, mwenye hoteli hutumia muda mwingi zaidi kusimamia wafanyakazi kuliko kupokea wageni. Hiyo nayo ni kazi yenye heshima yake, ila siyo tunayoieleza hapa.

Kwa nini nichague mtaa wa makazi wakati wageni wengi wako katikati ya mji?

Swali ni la haki, kwa sababu hasara ipo na inafaa kuijua mapema. Katikati ya mji mtu huweza kuingia kutoka barabarani, begi mkononi, akauliza kama kuna chumba. Mtaani hilo halitokei. Kila anayebisha mlango wako amekutafuta kwanza. Kwa hiyo maelekezo ya kufika ni sehemu ya huduma, na yanafaa kuandikwa na mtu aliyeitembea njia hiyo usiku, akataja rangi ya geti, kona ya mwisho na upande ilipo taa.

Faida yake ni kwamba mgeni wa mtaani hukaa siku nyingi zaidi na hurudi. Ni mtu aliyekuja kumwuguza ndugu, anayehudhuria mafunzo ya wiki tatu, anayemaliza kuandika kitabu, au ambaye amechoka tu na anataka kuamka kwa hiari yake. Watu wa namna hiyo huwaambia wenzao, na hoteli ndogo huishi kwa kuambizana huko.

Nitajuaje kwamba mtaa ni tulivu kweli kabla ya kupanga au kununua nyumba?

Usiamini ziara ya saa nne asubuhi, wakati watu wazima wako kazini na watoto wako shuleni. Nenda usiku wa Jumamosi, nenda alfajiri ya siku ya kazi, nenda mchana wa Jumapili, na kila mara ukae angalau saa nzima bila kuzungumza na mtu. Uliza gari la taka hupita saa ngapi, jenereta ya jengo la jirani iko upande gani, na kama kuna karakana, ukumbi au nyumba ya ibada ambayo siku hiyo haikuwa na shughuli. Ikiwezekana, omba ruhusa ulale humo usiku mmoja kabla ya kutia saini.

Kipimo cha kitaalamu kipo pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30, na za ghafla zisizidi desibeli 45. Kifaa cha kupimia si ghali, na kinakuepusha kubishana kwa hisia na fundi wa madirisha.

Hata hivyo, kelele inayowafukuza wageni mara nyingi hutoka ndani ya nyumba yenyewe. Miaka ya mwanzo mgeni mmoja alilalamikia mlio uliokuwa ukimwamsha kila baada ya dakika chache. Mchana hatukusikia kitu. Ilibidi nilale mwenyewe katika chumba kile, na kwenye saa tisa za usiku niliusikia: mngurumo mfupi wa sekunde nne au tano, kimya, kisha tena. Nilishuka na tochi, nikaweka kiganja juu ya pampu ya maji, nikaihisi ikijiwasha ingawa hakuna bomba lililokuwa wazi. Asubuhi fundi aligundua kwamba vali ya tangi la choo katika chumba cha juu ilikuwa haifungi sawasawa. Maji yalichuruzika kidogo kidogo, shinikizo lilishuka, pampu ikawaka. Na kwa kuwa ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye zege, ukuta mzima ulinguruma pamoja nayo. Mpira mmoja wa vali na vipande vinne vya raba chini ya pampu vilimaliza tatizo lililotusumbua kwa wiki kadhaa. Tangu hapo tuna kanuni isiyovunjwa: kila chumba kinalaliwa na mmoja wetu angalau mara mbili kwa mwaka, usiku kucha, mlango ukiwa umefungwa.

Majirani watakubali kuwa na hoteli mtaani kwao?

Watakubali wakikujua kabla ya kuwajua wageni wako. Mpango wako wa hoteli usiwafikie kupitia tangazo lililobandikwa ukutani; pita nyumba kwa nyumba, ueleze idadi ya vyumba, magari yatasimama wapi na ukarabati utachukua muda gani, kisha usikilize. Jirani mmoja alituambia kwamba mama yake mgonjwa hulala upande wa uchochoro wetu. Maneno hayo machache yalituokoa na ugomvi wa miaka, kwa sababu tulihamisha mlango wa kupokelea mizigo kabla haujajengwa.

Mambo yanayoudhi majirani ni madogo na hujirudia kila siku: magurudumu ya masanduku yakikwaruza mawe ya njia saa kumi alfajiri, dereva anayesubiri abiria huku injini ikinguruma, mlango wa gari unaobamizwa, taa ya bustani inayomulika dirisha la mtu, na sauti za watu wanaoagana kwa furaha bila kujua kwamba usiku mitaa husikika. Kila kimoja kina dawa yake. Sisi hubeba mizigo ya wageni wa alfajiri kwa mikono hadi barabarani, huwaomba madereva wazime injini, na huwaeleza wageni jambo hilo wanapofika, kwa maneno ya kawaida, bila bango la makatazo. Hatujapata mgeni aliyekasirika kwa kuambiwa kwamba nyumba ya pili kuna watoto wamelala.

Muhimu kuliko yote, majirani wawe na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mtu anayeweza kuchukua hatua. Simu isiyopokelewa mara mbili hugeuka barua ya malalamiko kwa mamlaka za mji.

Ninahitaji vibali gani?

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya mji na mji, ila karibu kila mahali utakutana na mambo matano: ruhusa ya kutumia jengo la makazi kwa biashara, leseni ya malazi, ukaguzi wa usalama wa moto, ukaguzi wa afya ikiwa unatoa chakula, na usajili wa kodi. Anza na la kwanza, tena kabla ya kulipa chochote, kwa sababu mengine yote yanaweza kutengenezwa lakini jengo lililo katika eneo lisiloruhusiwa haliwezi kuhamishwa.

Bei ya chumba naipangaje?

Anza na hesabu, halafu uangalie wengine wanatoza nini. Hoteli ya vyumba kumi ina usiku 3,650 wa kuuza kwa mwaka. Ukitarajia kuuza asilimia 60, una usiku 2,190. Jumlisha gharama zote zisizobadilika za mwaka (pango au mkopo, mishahara ukiwamo wako, bima, leseni, matengenezo), ugawe kwa 2,190, kisha uongeze gharama ya usiku mmoja: maji, umeme, dobi, sabuni, kifungua kinywa. Kiasi utakachopata ndicho sakafu. Bei ikishuka chini yake kwa wastani wa mwaka, unawalipia wageni walale kwako.

Jihadhari na kishawishi cha kujaza vyumba kwa bei ya chini. Tuseme, kwa sarafu yoyote ile, kuna hoteli mbili za vyumba kumi kila moja: moja inatoza 100 na inajaa kwa asilimia 80, na nyingine inatoza 130 na inajaa kwa asilimia 60. Mapato ya kila chumba kwa usiku mmoja ni 80 kwa ya kwanza na 78 kwa ya pili, karibu sawa. Lakini ya kwanza imefua, imetandika na imepokea usiku 730 zaidi kwa mwaka, na uchovu wa watu wake utaonekana kwenye shuka, kwenye tabasamu na kwenye vitasa vilivyolegea ambavyo hakuna aliyepata nafasi ya kuvikaza.

Je, nitegemee tovuti za kuhifadhi nafasi?

Zitumie, ila zisiwe mlango wako pekee. Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996 na Airbnb San Francisco mwaka 2008, na leo mgeni asiyekujua huanzia huko. Kamisheni inayokatwa kwenye tovuti za hoteli mara nyingi huwa karibu asilimia 15 na huweza kuzidi hapo. Ichukulie kuwa gharama ya kutambulishwa kwa mtu mara ya kwanza. Mgeni anayerudi mara ya tatu kupitia tovuti ile ile ni dalili kwamba hukumpa njia rahisi ya kukupigia au kukuandikia moja kwa moja.

Hatari kubwa ni chumba kimoja kuuzwa mara mbili. Tumia kalenda moja inayojirekebisha kwenye tovuti zote, na aliyeandika nafasi kwa simu aiingize papo hapo kabla ya kukata mazungumzo. Likitokea, usimwachie mgeni tatizo: mtafutie chumba cha hadhi sawa au zaidi, lipa tofauti, na umsindikize mwenyewe hadi mlangoni huko. Wapo waliorudi kwetu baada ya usiku kama huo.

Nitahitaji wafanyakazi wangapi?

Hesabu itakuongoza hapa pia. Chumba ambacho mgeni ameondoka huchukua kati ya dakika 30 na 45 kusafishwa ipasavyo. Wageni wakiondoka saa tano asubuhi na wapya wakiingia saa nane mchana, mhudumu mmoja ana saa tatu, yaani vyumba vinne hadi sita. Hoteli ya vyumba kumi inahitaji wahudumu wawili wa vyumba siku za kubadilishana wageni, mtu wa mapokezi kwa zamu, mtu wa jikoni asubuhi, na mtu anayelala ndani ya jengo kila usiku. La mwisho halina mjadala. Hoteli isiyo na mtu mzima aliye macho au anayeweza kuamshwa haraka haipaswi kulaza wageni.

Waajiri watu wanaoona. Mhudumu wetu wa siku nyingi ndiye aliyegundua kwamba mgeni wa chumba cha tatu alikuwa ameacha kula, kwa kuwa aliona trei mbili zikirudi zilivyo. Mgeni yule alikuwa na homa, na alipata daktari siku ile ile. Mtu wa namna hiyo mlipe vizuri na umpe mapumziko yake kamili, maana akiondoka hataondoka na ufagio tu.

Mashuka na taulo zinunuliwe kiasi gani?

Seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja inafuliwa, moja imepumzika kabatini. Tunapendelea rangi nyeupe, kwa sababu huvumilia maji ya moto na haifichi doa. Kuhusu taulo, wageni wengi hukubali kuzitumia zaidi ya siku moja wakiombwa kwa namna nzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ambao mwanasaikolojia Robert Cialdini alishiriki, ulionyesha kwamba kadi inayosema wageni wengi wa hoteli hiyo hutumia tena taulo zao ilifanya kazi vizuri kuliko kadi iliyotaja utunzaji wa mazingira peke yake. Hilo lisiwe kisingizio cha kubania kufua. Anayetaka taulo safi apewe bila kuulizwa.

Nifanye nini kunguni wakionekana?

Kwanza, usione aibu, kwa sababu kunguni husafiri kwenye mizigo na huingia hata penye usafi wa hali ya juu. Aliyekomaa ana urefu wa milimita tano hivi, na anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukifunga chumba kwa wiki mbili hakusaidii. Mfundishe mhudumu kuangalia kwa tochi kila anapobadilisha shuka: mishono ya godoro, nyuma ya ubao wa kichwani, nyufa za fremu. Anatafuta vitone vyeusi kama vya wino, maganda ya rangi ya kahawia na madoa madogo ya damu.

Akiviona, toa chumba hicho katika mauzo siku hiyo hiyo. Vitambaa vyote vifungwe kwenye mifuko humo humo chumbani kabla ya kutolewa, vifuliwe kwa nyuzi joto 60 na kukaushwa kwa joto kali. Ita mtaalamu, na umwombe akague pia vyumba vilivyo pembeni, juu na chini. Kupulizia dawa mwenyewe mara nyingi huwatawanya kwenda chumba cha jirani. Mgeni aliyeng'atwa aambiwe ukweli na arudishiwe fedha zake.

Vyumba vinavyokaa bila wageni vina hatari yoyote?

Vinayo, na wengi hawaijui. Mwaka 1976, mkutano wa wanajeshi wastaafu katika hoteli moja mjini Philadelphia ulifuatiwa na ugonjwa wa mapafu ulioua watu wengi, na bakteria aliyegunduliwa baadaye akaitwa Legionella. Hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto kati ya nyuzi 20 na 45, na humfikia mtu kupitia matone madogo anayovuta puani, kama yale ya bomba la mvua. Hoteli ndogo yenye msimu wa wageni wachache huwa na mabomba yaliyokaa kimya wiki nzima. Kinga yake ni rahisi: maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi, yachanganywe na ya baridi karibu na bomba ili yasimwunguze mtu, na mabomba yote ya chumba kisichotumika yafunguliwe kwa dakika kadhaa kila wiki. Tarehe iandikwe na aliyefanya kazi hiyo.

Na usalama wa moto?

Kila chumba kiwe na kitambua moshi kinachojaribiwa kila mwezi, kila ghorofa iwe na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, na njia ya kutokea isigeuzwe stoo hata kwa saa moja. Penye hita ya maji ya gesi au jiko la kuchoma kuni au mkaa, weka pia kitambua hewa ya kaboni monoksidi, kwa kuwa hewa hiyo haina harufu wala rangi na huua watu usingizini. Mlango wa chumba ufunguke kutoka ndani bila ufunguo.

Nitawezaje kuwa karibu na mgeni bila kumsumbua?

Mwaka 1829 hoteli ya Tremont House ilifunguliwa Boston, nayo inakumbukwa kwa kuwapa wageni vyumba vya faragha vyenye kufuli, pamoja na sabuni. Kabla ya hapo msafiri katika nyumba nyingi za kulala wageni angeweza kulazwa na mtu asiyemjua. Kufuli hiyo ndiyo msingi wa ukarimu wa hoteli hadi leo: mgeni anajua kwamba anaweza kufunga, na kwa sababu hiyo hufungua kwa hiari.

Sisi tuna kadi moja kwa kila mgeni, na tunaandika yale tu yatakayomfaa akirudi: mto mwembamba, chai kabla ya kahawa, asiwekwe chumba cha ghorofani kwa sababu ya goti, huamka mapema. Hatuandiki alikuja na nani, alirudi saa ngapi, wala aliyosema akiwa na huzuni. Nakala za vitambulisho hazikai zaidi ya muda ambao sheria inataka, na mtu akipiga simu kuuliza kama fulani yupo kwetu, jibu ni kuchukua ujumbe bila kusema yupo au hayupo. Salamu ya asubuhi inatosha kupima: anayejibu na kusimama anataka mazungumzo, anayejibu na kupita anataka kupita.

Mgeni akilalamika, nimjibu vipi?

Nenda chumbani ukaone kabla ya kueleza lolote. Rekebisha, kisha rudi baada ya saa moja kuuliza kama imesaidia. Malalamiko yaliyoandikwa mtandaoni yajibiwe siku inayofuata, kwa sentensi chache, kwa kutaja kilichorekebishwa na bila kubishana kuhusu tabia ya aliyeandika.

Je, mwenye hoteli aishi humo humo?

Miaka miwili ya kwanza, ndiyo, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kujifunza jengo linavyopumua usiku. Lakini makazi yako yawe na mlango wake, jiko lake na simu isiyo ya hoteli, na siku moja ya wiki kazi iwe mikononi mwa mtu mwingine kabisa, mwenye funguo zote na mamlaka ya kurudisha fedha au kumwita fundi bila kukuuliza. Siku za mwanzo utakaa chumbani ukisikiliza kila hatua kwenye ngazi. Kwangu ilichukua karibu mwaka mzima kulala siku hiyo bila kuweka sikio mlangoni, na usiku wa kwanza nilipofaulu nilikuta asubuhi bomba limepasuka, limefungwa, sakafu imekaushwa, na mgeni amehamishiwa chumba cha pili akiwa bado usingizini nusu.